Anza na Wodi: Namna ya Kumchagulia Kijana Chuo cha Utabibu

Saa mbili asubuhi, wodi ya watoto ya hospitali moja ya wilaya. Mama amempakata mtoto wa miezi minane anayekohoa, nguo imevuliwa ili kifua kionekane. Mbele yao amesimama kijana wa mwaka wa pili wa utabibu, koti jeupe, macho yakihama kati ya kifua cha mtoto na saa ya mkononi. Baada ya nusu dakika anainua kichwa. "Ishirini na sita, dokta. Mara mbili, hamsini na mbili." Tabibu anayemsimamia, mama wa makamo aliyezeekea wodi hiyo, hamkaripii. "Hesabu tena, mwanangu. Dakika nzima. Mtoto hapumui kama saa ya ukutani." Kijana anaanza upya, midomo ikicheza kimya kimya. "Arobaini na saba."

Kwa mtoto aliyetimiza miezi miwili na hajafika mwaka, mwongozo wa matibabu umeweka mpaka kwenye pumzi 50 kwa dakika. Mwenye kikohozi akifika hapo au akapita, anatibiwa nimonia. Akiwa chini ya hapo, kifua hakibonyei na hana dalili nyingine ya hatari, ni kikohozi cha mafua. Ile nusu dakika iliyorukwa ingempa mtoto yule dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Siku nyingine, haraka hiyohiyo ingemnyima mtoto mwingine dawa ambayo bila hiyo asingefika keshokutwa.

Dakika hiyo moja ndiyo mzazi anayoilipia ada ya chuo cha utabibu. Koti jeupe hushonwa na fundi yeyote, na vitabu vya anatomia vinauzwa madukani. Lakini mtu mzoefu wa kusimama nyuma ya mwanafunzi, mbele ya mgonjwa halisi, akamwambia "hesabu tena", hapatikani kila mahali. Hata hivyo, kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka na simu kuanza kujaa matangazo ya vyuo vya afya, familia nyingi huchagua kwa vigezo vinne: ada, mji, uzuri wa majengo, na jamaa aliyewahi kusoma pale. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba vigezo hivyo vinakuja nyuma. Chuo cha utabibu kipimwe kwanza kwa wodi zake.

Jina limebadilika, mzigo ni uleule

Wazee wetu hawakusema Afisa Tabibu. Walisema Mganga Msaidizi, na chini yake alikuwepo Mganga Msaidizi wa Vijijini. Ngazi hizo hazikubuniwa kwa kupenda vyeo. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu, hesabu ambayo Mwalimu Nyerere aliirudia mara nyingi. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, na kumkamilisha daktari mmoja ni kazi ya miaka. Wagonjwa wa Liwale na Kasulu wasingeweza kusubiri. Ndipo taifa likaegemea ngazi: mganga msaidizi wa vijijini kwenye zahanati, mganga msaidizi kwenye kituo cha afya, na daktari msaidizi, aliyepanda kutoka ngazi za chini baada ya miaka ya kazi na masomo ya ziada, kwenye hospitali ya wilaya.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa katika miaka ya 1970, serikali ilielekeza nguvu za afya vijijini, na kada hizi ndizo zilizobeba mzigo. Ifakara, ambako Waswisi walisaidia kuanzisha kituo cha mafunzo mwaka 1961, pakawa mahali pa kuwafundisha waganga wasaidizi. Mwaka 2007 ulipokuja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kama MMAM, ukidhamiria zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata, mahitaji ya matabibu yalipanda tena, na vyuo vikaongezeka, vya serikali, vya mashirika ya dini na vya watu binafsi.

Kuna jambo katika historia hiyo linalohusu uamuzi wa mzazi wa leo. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Mwanza na Kigoma na kuchapishwa mwaka 2009 uligundua kwamba sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali hizo ilifanywa na madaktari wasaidizi, na kwamba matokeo ya wagonjwa wao hayakutofautiana kwa maana na yale ya madaktari wenye shahada. Watu hao walianzia kwenye uganga msaidizi. Waliufikia ustadi huo kwa miaka ya kusimama kando ya vitanda, mkono wa mzoefu ukiwa juu ya mkono wao. Kada hii inafanya kazi vizuri pale inapofundishwa mbele ya mgonjwa, na ikinyimwa mgonjwa inabaki na jina tu.

Tahadhari ndogo kwa anayetafuta habari kwenye intaneti. Marekani kuna kazi inayoitwa kwa jina lilelile la Kiingereza la Mganga Msaidizi wa zamani, medical assistant, lakini ni kazi nyingine kabisa: kupima shinikizo la damu na uzito, kuandaa chumba cha daktari, kupanga miadi na kutunza majalada. Mafunzo yake ni mafupi, na anayesoma hapewi madaraka ya kutibu peke yake. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya vyuo vya kule haumfai kijana wa Nachingwea, ambaye baada ya miaka mitatu huenda akawa Mganga Mfawidhi wa zahanati, saa nane usiku, mjamzito anatokwa na damu, na gari la wagonjwa liko kilomita 60.

Mlango wa kwanza ni uhalali

Kabla ya wodi kuna mlango mmoja ambao haurukwi. Vyuo vya kada za kati Tanzania vinasimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET, lililojulikana zamani kama NACTE. Kila mwaka Baraza hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili kinachoonyesha chuo, kozi, sifa za kujiunga, idadi ya nafasi na ada. Kitabu hicho kinapatikana kwenye tovuti ya Baraza, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kukisoma.

Watu wengi huishia kuuliza kama chuo kimesajiliwa. Swali hilo halitoshi. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali na kikawa na idhini ya kufundisha famasia au ustawi wa jamii, lakini kozi ya utabibu bado haijaidhinishwa. Uliza mambo matatu kwa mpangilio huu: chuo kina namba ya usajili? Kina ithibati ya kiwango gani? Na kozi ya utabibu yenyewe imo kwenye mwongozo wa mwaka huu, kwa kampasi hii hasa anayokwenda kusoma mtoto wangu? Baraza limewahi kufuta vyuo na kusimamisha kozi, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anapokutwa na hali hiyo, muda wake haurudishwi na mtu.

Sifa za kujiunga ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini katika kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia au Sayansi za Uhandisi. Hisabati na Kiingereza vinahesabiwa kuwa faida ya nyongeza. Chuo kikikuambia "njoo tu, tutajua huko mbele" wakati kijana hana Fizikia, ondoka. Majina ya wanaodahiliwa huhakikiwa na Baraza, na ambaye jina lake halikupita uhakiki anaweza kukaa darasani, akalipa, akafanya majaribio, na bado asiwe mwanafunzi mbele ya taifa.

Mafunzo yenyewe ni miaka mitatu, yakipanda kutoka ngazi ya 4, astashahada ya awali, hadi ngazi ya 6, ambayo ni stashahada. Anayeishia njiani anabaki na cheti cha ngazi aliyofika, kwa hiyo muulize mkuu wa chuo swali ambalo wengi hawaliulizi: kati ya walioanza ngazi ya 4 miaka mitatu iliyopita, wangapi wamemaliza ngazi ya 6? Chuo kinachojua kazi yake kina jibu mezani.

Hesabu ya vitanda

Mwaka juzi nilimsindikiza binti wa dada yangu kuangalia vyuo. Cha kwanza kilikuwa mjini, ghorofa tatu, vioo, mapokezi yenye kiyoyozi. Tulionyeshwa chumba cha mazoezi ya vitendo. Mdoli wa kuzalishia ulikuwa umelala kwenye kabati, bado ndani ya nailoni yake. Mpwa wangu akauliza kwa adabu, "Samahani dada, wanafunzi wanakwenda hospitali gani?" Akajibiwa, "Tuna hospitali, mdogo wangu, msiwe na wasiwasi." "Ipi?" "Huwa tunapangiwa." Nikaomba kuona barua ya makubaliano na hospitali hiyo. Aliyeshika faili, tukaambiwa, amesafiri.

Nje, kwenye kibanda cha chai, tulikaa na kijana wa mwaka wa tatu wa chuo kilekile. Tulimuuliza amezalisha mara ngapi. Alinyamaza kidogo. "Nimeona mara mbili, mzee. Tulikuwa karibu thelathini chumbani."

Chuo cha tatu tulichotembelea kiko ubavuni mwa hospitali ya wilaya. Bati limeshika kutu, bweni lina foleni ya maji. Lakini kwenye ubao wa matangazo palikuwa na orodha ya zamu za usiku, jina kwa jina, wodi kwa wodi, na jina la msimamizi wa kila zamu. Msichana mmoja alitufungulia kitabu chake cha kumbukumbu za vitendo: tarehe, alichofanya, aliyemsimamia, sahihi. Kuzalisha, kushona jeraha, kuweka kanyula, kupokea mgonjwa mpya. Kurasa zilikuwa zimechakaa kwa kushikwa. Mpwa wangu aliamua palepale, na sikuwa na la kuongeza.

Tuiweke hali hii katika hesabu. Tuseme chuo kinapokea wanafunzi 150 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu hao ni 450, na walio katika miaka miwili ya juu, wanaotakiwa kuwa wodini zaidi, ni 300. Hospitali wanayoitegemea ina vitanda 120. Hapo kila kitanda kinagawanywa na wanafunzi wawili na nusu, hata kabla ya chuo cha pili na cha uuguzi kuleta wa kwao. Kwa zamu nzuri za asubuhi, mchana na usiku hali inaweza kuvumilika. Bila zamu, mgonjwa mmoja anazungukwa na watu kumi na watano, wawili wa mbele wanajifunza, waliobaki wanaangalia migongo ya wenzao. Idadi ya nafasi imo kwenye mwongozo wa Baraza. Idadi ya vitanda utaipata kwa kuuliza hospitalini. Gawanya mwenyewe.

Vitanda peke yake havitoshi, lazima viwe na wagonjwa wa aina mbalimbali. Tabibu anatakiwa kupita kwenye tiba ya magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake, pamoja na afya ya jamii nje ya kuta za hospitali. Kliniki ndogo ya mjini yenye vitanda vinne inaweza kumfundisha kutibu homa na kuandika dawa. Haiwezi kumwonyesha kifafa cha mimba, mtoto mwenye utapiamlo mkali, au mtu aliyeangukiwa na mti shambani. Kwa hiyo swali lina sehemu nne: hospitali ipi, vitanda vingapi, wodi zipi, na vyuo vingapi vinagawana?

Sehemu ya tano ni ile ya mwanafunzi mwenyewe. Mtafute wa mwaka wa mwisho, mbali na ofisi, umuulize kwa idadi. Umezalisha mara ngapi kwa mkono wako? Umemshona nani? Umeklaki wagonjwa wangapi, yaani umempokea mgonjwa mpya, ukamuuliza, ukampima, ukaandika, na mkubwa wako akasoma ulichoandika na kukusahihisha? Atakayejibu kwa idadi amesoma. Ukiambiwa "nyingi tu", shuku.

Mtu anayesimama nyuma

Wagonjwa wakiwepo na msimamizi akakosekana, mwanafunzi hujifunza makosa kwa ufasaha. Vyuo vingine hutegemea wakufunzi wa muda, watu waaminifu lakini wenye ajira mahali pengine, wanaoingia darasani, wanasoma nukuu, wanakimbilia zamu zao. Uliza wakufunzi wa kudumu ni wangapi, na wangapi kati yao bado wanagusa wagonjwa. Uliza pia kama wamefundishwa kufundisha. Nchi hii ina kituo cha Arusha, CEDHA, ambacho kimeandaa walimu wa vyuo vya afya kwa miaka mingi, kwa sababu daktari hodari si lazima awe mwalimu hodari.

Halafu uliza nani anawasimamia wanafunzi hospitalini. Hapa ndipo makubaliano mengi yanapovuja. Chuo kinapeleka wanafunzi, hospitali inawapokea, lakini hakuna aliyepewa jukumu la kuwafundisha. Watumishi wa wodi, waliokwisha kuelemewa, wanawatuma kupeleka sampuli maabara na kusukuma machela. Wiki zote za mazoezi zinapita hivyo. Chuo makini kina mtu wake hospitalini, anayejulikana kwa jina, anayepita na wanafunzi asubuhi na kutia sahihi kwenye vitabu vyao baada ya kuona kwa macho.

Lugha nayo inahitaji kuangaliwa. Mafunzo ni kwa Kiingereza, mgonjwa anaongea Kiswahili, na vijijini mara nyingi Kisukuma, Kihehe au Kimakonde. Bibi anasema, "Moyo unanienda mbio, tumbo linanikata, mwili hauna nguvu." Mwanafunzi anatakiwa ayapeleke maneno hayo kwenye faili kwa Kiingereza bila kupoteza maana, kisha arudi amweleze bibi kwa Kiswahili anachoumwa na namna ya kunywa dawa. Kijana aliyepata alama ya chini kwenye Kiingereza si mjinga, lakini atazama kimya kimya chuoni kama hakuna anayemsaidia katika muhula wa kwanza. Chuo chenye darasa zito la mawasiliano, linalofundishwa kwa mifano ya wagonjwa halisi, kinaokoa vijana wengi.

Ada inayoonekana na isiyoonekana

Ada ya vyuo vya serikali ni nafuu, na ya vyuo binafsi mara nyingi huvuka milioni moja kwa mwaka kwa tofauti kubwa. Lakini ada iliyoandikwa kwenye fomu ni mwanzo wa hesabu. Kuna michango ya mitihani, bima ya afya, sare na koti, stethoskopu, mashine ya kupimia shinikizo, kitambulisho, bweni, chakula, nauli ya kwenda hospitalini kila siku, na gharama za wiki za mazoezi ya nje ya chuo. Chuo kilicho mbali na hospitali yake kinahamishia gharama kwa mwanafunzi bila kuiandika popote. Nimeona vijana wakikosa wodi siku mbili kwa wiki kwa kukosa nauli tu.

Omba orodha ya gharama zote za miaka mitatu kwa maandishi, yenye muhuri, kisha uzidishe mwenyewe. Uliza pia kanuni ya mwanafunzi aliyechelewa kulipa. Vipo vyuo vinavyomzuia mtihani kwa deni la laki moja, na mwaka mzima unapotea.

Kuhusu mikopo, tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele, zikiwemo baadhi za afya. Neno la kushika ni "baadhi". Si kila kozi ya afya imo kwenye orodha, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka husika kabla ya kujenga mpango wa familia juu ya mkopo. Wakala anayekuambia "mkopo upo, usijali" hatakuwepo siku orodha itakapotoka.

Nimetaja wakala kwa makusudi. Wapo wanaolipwa kwa kila kichwa wanachokileta chuoni. Shauri la mtu huyo lina bei yake, na mlipaji ni wewe.

Cheti kinafungua milango ipi

Stashahada peke yake hairuhusu kutibu. Sheria ya mwaka 2017 iliyowaunganisha madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi iliweka taaluma hii chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na mhitimu anahitaji kutambuliwa huko ndipo afanye kazi kihalali. Zanzibar ina mabaraza yake, na mafunzo ya afya ya Mbweni sasa yako ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Uliza kama wahitimu wa chuo unachokitaka wamekuwa wakipata usajili bila vikwazo.

Tusifichane kuhusu ajira. Kazi za serikali zinatoka kwa matangazo, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Wahitimu wengi wanakaa mwaka au zaidi wakijitolea hospitalini kwa posho ndogo au bila posho. Wakati huohuo zahanati nyingi za vijijini zina upungufu wa watumishi. Mwajiri wa hospitali binafsi au ya dini anayemfanyia usaili kijana huyo hatamuuliza chuo chake kina ghorofa ngapi. Atampeleka wodini na kumwambia, "Mpime huyu, uniambie." Miaka mitatu ya vitendo inaonekana katika dakika kumi.

Wazazi wengi huchagua utabibu kama njia ya kufika kwenye udaktari. Njia hiyo ipo, lakini ina kizingiti ambacho wengi hukigundua wakiwa wamechelewa. Mwenye stashahada ya utabibu anaweza kuomba shahada ya udaktari akiwa na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na juu ya hapo awe na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Ziangalie tena sifa za kuingia stashahada: Hisabati na Kiingereza ni faida ya nyongeza tu. Kijana aliyefeli Hisabati anaweza kuwa tabibu bora kabisa, akamaliza na wastani wa juu, kisha akakuta mlango wa chuo kikuu umefungwa kwa somo alilolifeli akiwa na miaka 17. Kama ndoto ni udaktari, arudie mtihani huo mapema. Chuo kinachomweleza ukweli huu siku ya kwanza kinamheshimu.

Mjini au wilayani?

Swali la mji linawagombanisha wazazi na watoto kuliko mengine. Kijana anataka Dar es Salaam, Mwanza au Arusha. Mzazi anaogopa mji, au anaona aibu mtoto wake kwenda Maswa. Kila upande una hoja. Hospitali kubwa za mijini zina mabingwa na vifaa, na kijana huona magonjwa adimu. Lakini hapo tabibu mwanafunzi yuko nyuma ya foleni: wa shahada, wa mafunzo ya utarajali, wanaosomea ubingwa, ndipo yeye. Hospitali ya wilaya ina vifaa vichache, ila mikono inayohitajika ni mingi, na wa stashahada anaitwa mbele.

Tazama mahali vyuo vya zamani vya serikali vya kada hii vilikowekwa: Lindi, Mtwara, Kilosa, Mafinga, Musoma, Maswa, Sumbawanga, Songea. Vilipelekwa walipo wagonjwa ambao mhitimu atakwenda kuwatibu. Machame, chini ya Kanisa la Kilutheri, chuo kimekaa pamoja na hospitali. Busara ya waliovipanga haijazeeka.

Majirani zetu wa Kenya wanatufundisha jambo lilelile kwa njia nyingine. Chuo chao cha umma cha mafunzo ya tiba, KMTC, kilichoanza mwaka 1927, kina kampasi zaidi ya 70. Cheti ni kimoja, mtaala mmoja, lakini mwanafunzi wa huko bado anapaswa kuuliza kampasi yake imeshikamana na hospitali ya kaunti ya aina gani.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Chuo cha utabibu chenye idhini kamili ya kozi, kilichoshikamana na hospitali yenye wodi zote kuu, kinachopokea wanafunzi kwa idadi inayolingana na vitanda, na chenye msimamizi anayejulikana hospitalini, kinazidi chuo maarufu kisicho na sifa hizo, hata kama bati lake lina kutu. Viwili vikilingana hapo, ndipo upime ada. Ada zikilingana, mwachie kijana achague mji.

Kwa NACTVET na Wizara ya Afya nina ombi. Mwongozo wa udahili unatuonyesha ada na nafasi. Ongezeni safu tatu: hospitali ya mafunzo ya kila chuo na idadi ya vitanda vyake, idadi ya wakufunzi wa kudumu, na idadi ya wanaomaliza kati ya walioanza. Taarifa hizo mnazihitaji katika ukaguzi wenu, na kuzichapisha kutafanya vyuo vizuri visishindwe na vyenye mabango makubwa.

Nawe mzazi, kabla hujatuma hela ya fomu, panda gari uende kwenye hospitali ambayo chuo kimeitaja. Fika saa mbili asubuhi. Omba ruhusa kwa Mganga Mfawidhi, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliye zamu, umuulize amezalisha mara ngapi kwa mkono wake. Jibu atakalokupa ndilo mtoto wako atakalokuwa nalo baada ya miaka mitatu, siku mama mwenye uchungu atakapogonga mlango wa zahanati na yeye akiwa peke yake ndani.